Nyuma ya M-Pesa: kazi iliyofanywa na watu wa nje

Watu wakisimulia habari za M-Pesa huanza na simu. Mimi huanza na daftari. Aliyewahi kusimama mbele ya kidirisha cha wakala nchini Kenya katika miaka ya mwanzo analikumbuka: refu, lenye mistari, pembe za kurasa zimejikunja kwa kushikwashikwa, na kalamu imefungwa kwa uzi isije ikaondoka na mteja. Wakala anaandika tarehe, namba ya muamala, kiasi, namba ya simu na namba ya kitambulisho, kisha anakugeuzia utie sahihi. Muuza duka wa Bondo na mwenziwe wa Voi hawakuwahi kuonana, lakini walijaza daftari la aina moja kwa namna moja. Mtu alikwenda kuwafundisha, na mtu alirudi kukagua kama wamelijaza sawasawa. Mtu huyo hakuwa mfanyakazi wa Safaricom, kampuni ya simu iliyoendesha M-Pesa nchini Kenya.

Kazi yangu ni kuwaandikia hesabu wenye biashara ndogo, na katika miaka yote hiyo swali linalonirudia ni lilelile: kazi ipi niifanye mwenyewe, na ipi nimlipe mtu anifanyie? Wengi huona kwamba kumlipa mtunza hesabu, mwanasheria, mkaguzi au mtu wa kufundisha wafanyakazi ni anasa ya makampuni makubwa. Ukishakuwa mkubwa ndipo unajipa raha hiyo. Ndiyo maana huwa nawapa kisa hiki, kwa sababu kila mmoja wao ana M-Pesa mfukoni na anadhani anaijua.

Mwanzo wake haukuwa wa kutumiana pesa hata kidogo. Nick Hughes na Susie Lonie, wote wa Vodafone, kampuni ya simu ya Uingereza yenye hisa katika Safaricom, walikuwa na wazo la kuwasaidia wakopaji wadogo walipe mikopo yao kwa simu. Idara ya maendeleo ya kimataifa ya serikali ya Uingereza ilitoa karibu pauni milioni 1, na Vodafone ikaweka zake. Programu ikaandikwa na kampuni ya Sagentia ya huko Cambridge. Oktoba 2005 majaribio yakaanza Kenya kwa maduka 8 tu, katikati ya Nairobi, Mathare na Thika, na wakopaji wasiozidi 500 wa shirika la mikopo midogo la Faulu. Fedha zenyewe zilikaa Commercial Bank of Africa.

Simu zilifanya kazi. Ugumu ulikuwa kwenye vitabu. Mkopaji wa Faulu alikuwa amezoea kwenda kwenye kikao cha kikundi na pesa yake mkononi, wenzake wakimwona akilipa, kwa kuwa wao ndio wadhamini wake. Alipoanza kulipia dukani, hakuona tena sababu ya kwenda kikaoni, na kikundi kikaanza kulegea. Upande wa ofisi, hesabu za Faulu na hesabu za mfumo wa simu zilikuwa mbili tofauti, na kuzioanisha kulikula muda mwingi kuliko ilivyotarajiwa. Wateja nao wakaitumia huduma walivyotaka wao. Mmoja alimlipia mwenziwe mkopo kwa malipo ya kazi aliyofanyiwa. Mfanyabiashara aliweka mauzo ya siku jioni na kuyatoa asubuhi, duka la wakala likawa sefu yake ya usiku. Msafiri aliweka pesa Thika na kuzitoa alikokwenda, ili asitembee nazo njiani.

Kutokana na hayo wakaamua kuacha habari za mikopo na kubaki na jambo moja ambalo kila Mkenya aliyekuja mjini kutafuta analijua: tuma pesa nyumbani. Nauheshimu sana uamuzi huo, kwa sababu nimewaona wenye biashara wakishikilia wazo la kwanza hadi linawazamisha. Lakini wazo jipya lilileta kazi kubwa kuliko la zamani. Mikopo ya Faulu ilihitaji maduka machache karibu na vikundi. Kutuma pesa nyumbani kunahitaji duka kila nyumbani.

Machi 2007 huduma ilipofunguliwa kwa umma, Safaricom ilikuwa na maduka kama 750, na ilihakikisha yamegusa makao makuu ya wilaya zote 69 za wakati huo. Michael Joseph ndiye alikuwa mkuu wa kampuni. Wengine husema ilikuwa rahisi kwao kwa sababu tayari walikuwa na wauzaji wa kadi za simu nchi nzima. Hapa natofautiana nao. Kuuza kadi na kuwa wakala ni kazi mbili mbalimbali, na hili ndilo jambo la kulielewa kabla ya mengine.

Muuza kadi akishakupa kadi, mmemalizana. Wakala ana kapu mbili za kusawazisha siku nzima. Moja ni pesa taslimu kwenye droo, nyingine ni floti kwenye simu, yaani salio alilolinunua kwa fedha yake mwenyewe kabla hajamhudumia mtu yeyote. Tuseme amefungua asubuhi na taslimu 20,000 na floti 20,000. Akija mtu kuweka 5,000, droo inakuwa na 25,000 na simu inabaki na 15,000. Wakija wengine watatu wa kiasi hichohicho, simu inakauka, na anayefuata anaambiwa “floti imeisha”. Hayo ni ya mjini. Kijijini ni kinyume chake: karibu wote wanakuja kutoa, droo inabaki tupu ifikapo saa nne, na mwenye duka anabaki na floti nyingi ambayo mama aliyetoka mbali kuchukua karo ya mtoto hawezi kuitumia kwa lolote. Pesa ya Kenya ilikuwa ikisafiri kwa simu kutoka mjini kwenda mashambani, lakini noti zenyewe zilikuwa bado ziko mjini. Ilibidi mtu azibebe.

Mama huyo akirudi mikono mitupu mara mbili, hatarudi ya tatu. Tena atawaambia majirani kwamba pesa ya simu ni maneno tu. Biashara nzima ya Safaricom ilikuwa mikononi mwa vijana wa dukani ambao haikuwaajiri, haikuwalipa mshahara, na wengi wao haijawahi kuwaona.

Kampuni ingeweza kuajiri jeshi la maofisa wake. Badala yake iligawa kazi. Wa kwanza kupewa alikuwa wakala mkuu. Huyu ndiye aliyetia sahihi mkataba na Safaricom, akiwa na maduka kadhaa chini yake, yake mwenyewe au ya watu walioungana naye. Kazi yake hasa ilikuwa kuhamisha: kutoa floti duka lililojaa na kuipeleka lililokauka, na kuhakikisha noti zimefika zinakohitajika. Kamisheni zote zililipwa kwake, naye akagawana na maduka. Safaricom ilishughulika na wakala wakuu wachache, nao wakashughulika na maelfu ya vidirisha.

Wa pili ni kampuni iliyoitwa Top Image, ambayo shughuli yake ilikuwa kupeleka watu mitaani kwa niaba ya makampuni mengine. Hii ndiyo iliyoleta daftari. Duka jipya likikubaliwa, mtu wa Top Image alikwenda akakaa nalo siku nzima, kwa gharama ya Safaricom, akimfundisha mhudumu namna ya kusajili mteja, kuangalia kitambulisho na kuandika kila muamala. Alibandika bango na orodha ya ada ukutani. Kisha alirudi mara kwa mara na kulipatia duka alama. Bango linaonekana kutoka barabarani? Orodha ya ada ipo, au imefunikwa na kalenda? Droo ina pesa? Simu ina floti? Daftari limejazwa lote, au kuna mistari isiyo na sahihi?

Maswali hayo yanaonekana madogo. Yafuatilie hadi kwenye kamisheni ndipo utaona uzito wake. Kusajili mteja mmoja kulimlipa wakala mkuu shilingi 80, lakini 40 tu ndizo zilitoka siku ya usajili. 40 nyingine zilisubiri hadi mteja aweke pesa kidogo kwenye akaunti yake. Ni mpango mzuri, kwa sababu unamzuia mtu kusajili majina hewa. Kuweka pesa kulikuwa bure kwa mteja, hali wakala alilipwa kwa kila muamala, kwa hiyo kila aliyeweka pesa aliigharimu Safaricom kwanza, ndipo ikajirudishia anapotuma kwa shilingi 30 na mwenziwe anapotoa. Kwa vile malipo yalikwenda kwa kila muamala, haikuchukua muda mawakala wakaona njia: mteja mwenye pesa nyingi anavunjiwa kiasi chake vipande vipande, na kila kipande kina kamisheni yake. Wengine wakaweka pesa moja kwa moja kwenye namba ya mtu aliye mbali, ada ya kutuma ikarukwa. Mambo hayo hayaonekani vizuri ukiwa makao makuu Nairobi. Mtu aliyesimama dukani, akilinganisha daftari na simu, anayaona. Ndiyo sababu naona mkaguzi wa nje alikuwa na thamani kuliko mtambo wowote walioununua. Alikuwa hana hisa katika duka wala kamisheni katika muamala. Alilipwa kutazama tu na kusema alichokiona.

Wa tatu walikuwa benki. Mwanzoni mabenki mengi yaliitazama M-Pesa kwa jicho baya, lakini taratibu baadhi yakaingia kama wauzaji wa floti: wakala anafika tawini na noti zake, anaondoka na floti, au anafanya kinyume chake. Benki ina sefu, ina walinzi, ina matawi. Kuitumia ni bora kuliko kujenga sefu zako.

Kuna huduma nyingine ambayo mteja hakuiona kabisa, nayo ndiyo iliyoiokoa kampuni ilipofika kwenye kona mbaya. Pesa za wateja hazikuwekwa kwenye akaunti ya Safaricom. Ziliwekwa kwenye akaunti ya amana, chini ya kampuni tofauti ya wadhamini, ili Safaricom isiweze kuzitumia kwa shughuli zake, na hata ikifilisika wadai wake wasizifikie. Riba yake nayo haikwenda Safaricom. Kazi ya kuutengeneza mpango huo ni ya wanasheria, na Benki Kuu ya Kenya iliupitia kabla ya kutoa barua ya kutopinga mwezi Februari 2007. Naamini walioketi kuandika hati hizo walionekana kama watu wa kuchelewesha mambo. Ndivyo wateja wangu wanavyowaona wanasheria mpaka leo.

Desemba 2008, M-Pesa ikiwa na wateja wa mamilioni, kaimu Waziri wa Fedha wakati huo, John Michuki, aliagiza ikaguliwe, akisema hana hakika itaishia wapi. Hofu ilikuwa halali: nchi ilikuwa imeshaumizwa na upatu wa ulaghai uliokula akiba za watu wengi. Biashara nyingi zikifikiwa na mkaguzi namna hiyo ndipo zinaanza kutafuta karatasi. Hawa walikuwa nazo. Amana ipo, hati zipo, madaftari yapo dukani. Januari 2009 Wizara na Benki Kuu zilitoa tamko hadharani kwamba huduma hiyo ni salama. Wateja hawakukimbilia kutoa pesa zao. Kufikia mwisho wa mwaka huo walikuwa kama milioni 9, na maduka yamepita 16,000, karibu nusu yake yakiwa nje ya miji.

Sasa vuka mpaka. Vodacom ilifungua M-Pesa Tanzania Aprili 2008, jina lilelile, mfumo uleule. Kwa miezi mingi mambo yalikwenda polepole mno. Baada ya mwaka mmoja na ushee Tanzania ilikuwa na watumiaji wasiofika laki 3 na mawakala kama 1,000, wakati Kenya katika umri huohuo ilikuwa na zaidi ya milioni 2 na mawakala wapatao 3,000. Sababu ziko kadhaa, na sitaki kuzibana zote kwenye hoja yangu. Safaricom ilishika sehemu kubwa sana ya soko la simu, Vodacom ilikuwa na washindani wa kweli. Nchi ni kubwa, miji iko mbalimbali. Kenya ilikuwa na kitambulisho cha taifa mikononi mwa watu wazima, Tanzania wakati huo bado. Lakini mojawapo ni hili ninalolisema: kwa wasambazaji waliozoea kadi za simu, uwakala ulikuwa usumbufu wenye faida ndogo, na hakukuwa na mtu wa kuyapitia maduka moja baada ya jingine. Vodacom ilipowalipa watu wa nje kazi ya kusaka mawakala, kuwafundisha na kuwalea, maduka yakaongezeka na watumiaji wakafuata. Leo ukimwambia mtu wa Mwanza au Mbeya kwamba M-Pesa iliwahi kusuasua huko, atakushangaa.

Nisieleweke kwamba Safaricom iligawa kila kitu. Bei ilipanga yenyewe. Jina na rangi havikuguswa na mtu. Kila duka, hata likiletwa na wakala mkuu, lilisubiri idhini yake. Kwa wateja wangu hapa ndipo pagumu kuliko pote, kwa sababu mtu akishaamua kumlipa mwingine, mara nyingi hukabidhi hata funguo. Nimemwona mwenye duka la vipuri ambaye kwa miaka mitatu hakujua nywila ya mfumo wake wa kodi. Aliijua mtunza hesabu peke yake. Hiyo si huduma tena. Biashara ile ilikuwa imehamia kwa mtunza hesabu.

Na upande mmoja naona Safaricom nayo ilikaa mno mikononi mwa wengine. Mfumo wenyewe haukuwa wake. Sagentia iliuandika, IBM ikaja kuchukua uangalizi, mitambo ilikaa Ujerumani, na mwenye mali alikuwa Vodafone. Kwa maduka 750 hilo halikuwa tatizo. Ilipofika mahali mishahara, karo na bili za umeme zinapita humo, kila kukwama kwa mfumo kulikuwa kukwama kwa nchi. Wakala alikuwa akisimama na simu mkononi, foleni mbele yake, akirudia “mtandao uko chini” bila kuwa na la kuwaeleza zaidi. Ni Aprili 2015 tu ndipo mitambo ilipohamishiwa Kenya, kwenye mfumo mpya, na 2020 Safaricom na Vodacom zikainunua M-Pesa yenyewe kutoka Vodafone. Kwa maoni yangu kuhamisha mitambo kulichelewa miaka mitatu au minne. Huduma uliyoikodi ukiwa mdogo inastahili kutazamwa upya kila unapokua. Mkataba haujui kwamba wewe umekua.

Maduka nayo yalibaki yamefungwa kwa Safaricom peke yake hadi Julai 2014, mamlaka ya ushindani ilipoifanya ifungue milango, wakala aweze kuhudumia na kampuni nyingine. Jambo hilo lilistahili kuja mapema pia.

Lakini kinachonikaa rohoni zaidi katika kisa hiki ni kile kipande cha njia ambacho hakuna aliyekinunulia huduma. Mafunzo yalinunuliwa, ukaguzi ukanunuliwa, wanasheria, wadhamini, programu, matangazo. Noti zikitoka dukani kwenda benki, ni za wakala. Akiibiwa, ameibiwa yeye. Kampuni haina hasara, kwa sababu floti alishailipia. Wenye mtaji walijitafutia bima au gari la fedha. Wengine walijifunza kubadilisha njia.

Mpite wakala yeyote wa mji mdogo siku ya soko, saa tisa na nusu, benki ikikaribia kufunga. Utamwona akihesabu mara ya pili, akifunga mabunda kwa mipira, akiyafungia kwenye gazeti, kisha kwenye mfuko uliochakaa ambao mtu hawezi kuutilia shaka. Anamwachia dirisha mdogo wake, anamwambia asiseme amekwenda wapi. Anatoka kwa mlango wa nyuma na kumpungia bodaboda anayemjua.